Siku nane za Oktoba 1976: kalenda ya Kenya National Theatre ilikuwa ya nani?

Mwaka 1976 Kenya iliteua michezo miwili ya kuigiza iende kuiwakilisha nchi huko Lagos, Nigeria, kwenye FESTAC 77, tamasha kubwa la sanaa za Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Mmoja ni ule ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mzalendo Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo na kuelekezwa na Seth Adagala. Wa pili ni Betrayal in the City wa Francis Imbuga, kisa cha nchi ya kubuni iitwayo Kafira. Zipange upya herufi za jina hilo, utapata Afrika. Mwelekezi wake alikuwa Tirus Gathwe.

Kabla ya safari, michezo hiyo ilitakiwa ionyeshwe nyumbani, Nairobi, katika ukumbi wenye jina la taifa. Jibu lililotoka ukumbini ni kwamba kalenda ilikuwa imeshajaa. Kulikuwa na kikundi cha ballet kutoka Ufaransa, na kulikuwa na mchezo wa vichekesho na muziki uliozaliwa Marekani ukisimulia Roma ya kale, ambao ungechezwa na kikundi cha Wazungu wakazi wa Nairobi. Baada ya mvutano mrefu, timu ya FESTAC ikapata nafasi finyu katikati ya maonyesho ya wengine: siku nne kwa kila mchezo. Jumla siku nane.

Ugomvi wa tarehe za ukumbi ni jambo la kawaida popote penye jukwaa. Huu nauona tofauti. Kila ninaposikia mjadala kuhusu urithi wa Kenya National Theatre, watu huzungumzia jengo: paa, viti, rangi, nani alilifungua na nani alilikarabati. Mimi humwuliza mtu swali moja: daftari la kuandikia tarehe lilikuwa mikononi mwa nani? Nikishalijua hilo, historia iliyobaki ya jengo lile naielewa bila taabu.

Tuanzie nje, barabarani, kwa sababu pale mahali penyewe panasema mengi. Ukumbi umetazamana na hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya mwaka 1904 na kuwa kijiwe cha walowezi kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Nairobi kipo hatua chache, kituo kikuu cha polisi kipo karibu, na shirika la utangazaji la taifa liko jirani. Barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku, na haikupewa jina hilo bure.

Machi 1922 Thuku alikamatwa kwa kuupinga mfumo wa kipande, kile kitambulisho walicholazimishwa wanaume Waafrika kukibeba, na kodi za wakoloni. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele yao, kitendo ambacho kwa Wakikuyu ni aibu kubwa kwa anayefanyiwa, akawataka wampe suruali zao yeye achukue gauni lake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa barazani pa Norfolk wakaungana nao kupiga. Hesabu ya serikali ilisema waliouawa walikuwa 21. Watu waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Miaka thelathini baadaye, katika eneo hilohilo, serikali ya kikoloni ikajenga ukumbi wa maonyesho. Sheria ya kuanzisha Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ukumbi uko chini yake, ilipitishwa mwaka 1951. Jengo lilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952 na Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Tazama tarehe hiyo vizuri. Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, siku 17 kabla. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa tayari wamekamatwa. Wakati wageni waalikwa wakikaa kwenye viti vipya vya ukumbi ulioitwa wa taifa, sehemu kubwa ya watu wa taifa hilo ilikuwa ikisakwa msituni, ikipekuliwa vijijini na kupangwa mistari mijini.

Sisemi waigizaji wa usiku ule walikuwa wauaji. Ninasema kwamba neno "taifa" kwenye jina la ukumbi liliandikwa kabla ya taifa kuwapo, na walioliandika walikuwa na taifa lao akilini. Ukumbi ulianza maisha yake ukitumiwa na vikundi vya Wazungu wapenzi wa uigizaji, watu wa kulipa kodi ya ukumbi kwa wakati, wenye maleba yao, mafundi wao wa taa na ratiba za mwaka mzima. Mazoea hayo hayakuondoka na bendera ya Uingereza Desemba 1963. Baraza lililoendesha kituo liliendelea kuwa na sauti nzito za Waingereza kwa miaka mingi baada ya uhuru.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, nami nitapachambua taratibu.

Ukumbi wa maonyesho una mali moja isiyoweza kuongezwa, nayo ni usiku. Mwaka una siku 365, na si zote zinafaa. Mchezo unahitaji siku ya kuingiza mapambo ya jukwaani, siku ya kupanga taa, na walau usiku mmoja wa mazoezi kamili watu wakiwa wamevaa maleba yao. Ukipewa siku nne na huna hata moja ya kujiandaa humo ndani, huwa unacheza usiku wa kwanza huku bado unalijifunza jukwaa. Kisha kuna habari inayosafiri kwa mdomo. Watu hutazama Jumatano, humsimulia jirani Alhamisi, jirani huja Ijumaa na wenzake watatu. Mchezo wa siku nne hufungwa wakati habari zake ndiyo kwanza zinafika mtaa wa Kariobangi.

Anayeandikisha tarehe mapema ndiye anayepata wikendi nzuri, na anayeandikisha mapema ni yule mwenye fedha za kutanguliza na uhakika wa kuwapo mwaka ujao. Klabu ya wapenzi wa michezo yenye wanachama wenye kazi nzuri ina vitu vyote viwili. Kikundi cha walimu, wanafunzi na waigizaji wa redio, kinachosubiri kamati ya serikali ithibitishe safari ya Lagos, hakina hata kimoja. Kwa hiyo kanuni ya aliyetangulia ndiye mwenye haki, kanuni inayoonekana ya haki kabisa kwenye karatasi, ilizaa matokeo yaleyale kila msimu. Wageni na wakazi wa Kizungu walikuwa ndani ya kalenda. Waafrika walikuwa wanaomba kuingizwa.

Utetezi wa upande wa pili nautaja kwa uzito wake. Meneja wa ukumbi aliyekwisha kutia saini mkataba na kikundi kutoka ng'ambo hawezi kuuchana kwa sababu mtu mwingine amekuja na mchezo bora. Angefanya hivyo, hakuna ambaye angemwamini tena. Tena kodi za vikundi hivyo ndizo zilizolipia umeme na mishahara ya wafagiaji. Haya yote ni kweli. Lakini utetezi huo unahamisha swali. Meneja alikuwa akiendesha ukumbi wa kukodisha, na ukumbi wa kukodisha aliuendesha sawasawa. Kilichokosekana ni kanuni juu yake iliyosema kwamba ukumbi wa taifa hutenga kwanza majuma ya kazi za taifa, kisha yaliyobaki hukodishwa. Kanuni kama hiyo ingekuwapo, ugomvi wa Oktoba 1976 usingetokea, na hakuna ballet ambayo ingefukuzwa.

Kuna jambo moja linalonishangaza kila nikilikumbuka. Msimu uleule Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano Mkuu wa UNESCO. Tarehe 26 Novemba 1976, humohumo jijini, wajumbe walipitisha pendekezo la kimataifa kuhusu ushiriki wa umma kwa jumla katika maisha ya utamaduni. Ni waraka mzuri. Unataka vizuizi viondolewe ili mtu wa kawaida aweze kuunda sanaa na kuifikia. Wajumbe walikuwa wakiujadili katika jiji ambalo wasanii wake walikuwa wametoka kubembeleza siku nane katika ukumbi wao wenyewe.

Siku zenyewe zilipofika, ukumbi ulijaa.

Mzalendo Kimathi inaanzia mahakamani Nyeri, mahali Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya wakoloni, alipofikishwa mwaka 1956 baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mchezo haufuati kumbukumbu za mahakama tu. Ndani ya seli, Kimathi anajiwa na watu wa kila aina, wa benki, wa biashara, wa dini, kila mmoja akimtaka akubali kidogo tu, asalimu amri kidogo tu. Fikiria hilo likichezwa mita chache kutoka Norfolk, miaka 13 baada ya uhuru, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamekaa kizuizini.

Mchezo umeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo waandishi waliufunga kwa wimbo wa Kiswahili, na ni kwa wimbo huo kwamba jambo lisilopangwa likatokea. Usiku wa kwanza waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka wakawafuata. Wakaimba na kucheza hadi nje. Ile mipaka ambayo ukumbi wa aina hii umejengwa kuilinda, jukwaa huku, viti kule, mlango nyuma, barabara mbali, ilivukwa yote kwa dakika chache. Usiku uliofuata polisi walikuwa macho upande wa hotelini.

Mimi huuchukua wimbo ule kama ushahidi katika uchambuzi huu. Watu walikaa kimya kwa heshima wakati wote wa Kiingereza; walipofikiwa na lugha ambayo kila mmoja mle ndani angeweza kuitikia, hawakuhitaji kualikwa. Sidhani Ngũgĩ alihitaji kusomewa funzo hilo mara mbili. Mwaka uliofuata alikuwa kijijini Kamiriithu, Limuru, akifanya kazi na wanakijiji kwa lugha ya Gĩkũyũ.

Ngũgĩ pia ameeleza kwamba aliitwa makao makuu ya upelelezi na kuulizwa kwa nini anaingilia maonyesho ya Wazungu. Swali hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kisomwe upya. Polisi wa nchi huru walikuwa wakichunguza malalamiko kwamba Waafrika wameomba nafasi kwenye ukumbi wa taifa lao. Daftari la tarehe lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki.

Hebu tupige hesabu. Ukumbi haujawahi kuwa mkubwa. Viti vyake havifiki 500. Hata kila kiti kikijaa kila usiku, siku nane haziwezi kutoa nafasi 4,000. Hiyo ndiyo sehemu nzima ya umma wa Kenya iliyoweza kuona, ukumbini mwa taifa, michezo iliyochaguliwa kuliwakilisha taifa. Januari 1977 michezo ikaenda Lagos, ambako tamasha liliendelea hadi tarehe 12 Februari, na wageni wa nchi nyingine wakaitazama.

Si kwamba hakukuwa na njia nyingine. Tangu 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kikundi cha maigizo ya kuzunguka bila kiingilio, kilichobeba michezo kwenye basi hadi shuleni, sokoni na kwenye kumbi za makanisa nchi nzima. Wanafunzi wale walicheza juu ya nyasi, taa zikiwa jua. Kwa maoni yangu kikundi hicho ndicho kilichofanya kazi ya ukumbi wa taifa miaka ile, kikiwa hakina jengo.

Kamiriithu ilikwenda mbali zaidi. Wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye kuchukua watu zaidi ya 2,000. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ unaojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali kilifutwa tarehe 16 Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Kamiti, gereza alilonyongewa Kimathi.

Nakitaja kisa cha Kamiriithu kwa sababu kinarudi ukumbini. Mwaka 1982 kikundi kilekile cha wanakijiji kilitayarisha Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo nyingi za makabila mbalimbali kuhusu maisha chini ya kipande. Safari hii walitaka kucheza Kenya National Theatre, tarehe 19 Februari 1982, siku moja baada ya miaka 25 kamili tangu Kimathi anyongwe. Waliomba kibali, ombi halikujibiwa. Siku ilipofika walikuta milango imefungwa na polisi wapo.

Tofauti na 1976 iko wazi. Mara ya kwanza wasanii walikuwa wasomi wa chuo kikuu, mchezo ulikuwa wa Kiingereza, serikali yenyewe ndiyo iliyowateua. Wakabanwa lakini wakapewa siku nane. Mara ya pili walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na mashamba ya chai, wakizungumza lugha yao, wakapewa kufuli. Kalenda ilikuwa njia ya heshima ya kukataa. Ilipoonekana haitoshi, ikatolewa njia isiyo na heshima.

Kikundi kikahamia ukumbi wa chuo kikuu, ng'ambo ya barabara, na kuendelea na kile kilichoitwa mazoezi, kwa kuwa mazoezi hayahitaji kibali. Milango iliachwa wazi. Kwa makadirio ya Ngũgĩ, mazoezi yapatayo kumi yalitazamwa na watu kati ya 12,000 na 15,000. Wengine walisimama veranda na madirishani. Linganisha na ile hesabu yangu ya siku nane. Mchezo ambao haukuchezwa rasmi hata siku moja ulionwa na watu zaidi ya mara tatu ya wale ambao ukumbi wa taifa ungeweza kuwapokea mwaka 1976. Kisha mazoezi nayo yakapigwa marufuku. Tarehe 12 Machi 1982 malori matatu ya polisi yalifika Kamiriithu yakabomoa jukwaa.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Wengi wa wahusika wakuu, Micere na Ngũgĩ wakiwamo, walikwenda uhamishoni. Vikundi vidogo vya Waafrika viliendelea kuukodi ukumbi katika miaka ya 1980 na 1990, vikikopa fedha za kiingilio cha kesho kulipia taa za leo. Taratibu Wazungu wakapungua katika kalenda, hasa kwa sababu walipungua jijini, na siyo kwa sababu kanuni ilibadilishwa. Jengo likachakaa.

Katiba ya 2010 iliutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa katika kifungu cha 11, na uhuru wa ubunifu wa sanaa katika kifungu cha 33. Septemba 2015 ukumbi ulifunguliwa tena na Rais Uhuru Kenyatta baada ya ukarabati uliofadhiliwa na kampuni ya bia ya EABL. Viti vipya, taa mpya, sauti mpya. Nilifurahi kama kila mpenda jukwaa alivyofurahi. Lakini viti vipya havijibu suala la daftari. Kikundi cha vijana kutoka mtaa wa mabanda wa Mathare chenye mchezo mzuri na mifuko mitupu kikiingia ofisini leo, kinakutana na kanuni ileile ya 1976: tarehe ni za anayelipa. Sura za wanaolipa zimebadilika. Hilo ni jambo la maana na sitaki kulidogosha. Bado natamani kuona ukutani, mahali pa wazi, orodha ya majuma ya mwaka ambayo hayauzwi. Hata majuma manane yangetosha kuanzia.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Ulikuwa mchezo uleule uliofutiwa kibali Limuru mwaka 1977. Waliokuja kutazama waliingia kwa mlango wa mbele, ule uliofungwa Februari 1982, na usiku wa Gĩkũyũ hakuna aliyezuiwa kuitikia nyimbo kutoka kitini pake.